Hong Seol na D ya kikundi

Ndugu wakulima, leo viwavijeshi tuviweke pembeni kidogo. Mke wangu kaniambukiza tamthilia za Kikorea, na juzi tumeanza Cheese in the Trap ya mwaka 2016. Ina vipindi 16. Wengi wanaifuata kwa ajili ya mapenzi ya Hong Seol na Yoo Jung, yule mtoto wa tajiri. Mimi nimenasa kwenye kazi ya kikundi.

Seol yuko chuo kikuu, kwao maisha ya kubana, anategemea ufadhili wa masomo. Kwa hiyo alama kwake ndiyo ada. Wanapewa kazi ya kikundi, wenzake wanatega. Binti anakesha, anaandaa karibu yote peke yake. Profesa anawapa wote D.

Mke wangu akasema huo ni uonevu mtupu. Mimi nasema profesa alikuwa sahihi: aliagiza kazi ya kikundi, akaletewa ya mtu mmoja.

Nasema hivyo kwa sababu nami nilishakuwa Seol. Kikundi changu kimoja cha shamba darasa la mahindi hakikutokea kupalilia. Nikapalilia mimi na mwenyekiti, daftari la kumbukumbu nikajaza mwenyewe (ndiyo, hata mahudhurio). Wageni walipokuja tukapigiwa makofi. Msimu uliofuata nikahamishiwa kata nyingine, na lile shamba likawa malisho ya mbuzi.

Ningewaachia magugu yao wageni wayaone. Ile D waipate wakiwa bado na mimi, tukae chini tuulizane nani hakuja na kwa nini.