Usinunue Betri Nyingine Kabla Hujapima Chaji



Najua mmezoea nije na mambo ya mbegu, mbolea na viwavijeshi. Leo tuongee lori, maana nimeona pesa ya mazao inaishia kwenye betri, na inaniuma.

Kuna kikundi cha vijana ninachokihudumia hapa Tabora. Wana Bedford MK, lori la zamani la jeshi. Walilipenda kwa sababu liko juu, linavuta kwa magurudumu yote manne na kwenye tope la mbuga halikwami ovyo. Shida yake moja: leo linachaji, kesho halichaji. Taa nyekundu ya chaji inawaka, mara inazima yenyewe. Kwa misimu miwili wamebadilisha betri mara mbili na kufunga altaneta ya mtumba. Desemba wakiwa wamebeba mbolea kutokea mjini kwenda vijiji vya Sikonge, usiku, mvua inapiga, taa za mbele zikafifia hadi hawaoni njia. Wakapaki, wakazima injini. Asubuhi stata haikuzunguka hata robo. Turubai likavuja, mifuko ya chini ikaloa na kuganda, na mahindi yakakaa siku kadhaa bila mbolea.

Maoni yangu ni haya: lori halina kosa, na uzee wake hauna kosa. Kosa ni kutibu kabla ya kupima. Mahindi yakiwa ya njano hatukimbilii urea tu. Huenda ni naitrojeni imepungua, huenda maji yametuama, huenda ni ugonjwa. Mbona kwenye gari tunasahau somo hilo hilo?

Jumamosi moja nilienda na fundi umeme, tumebeba mita tu. Malori kama hili hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimeunganishwa kwa mfuatano. Tulipima kila betri peke yake kabla injini haijawashwa. Moja ilisoma 12.6, nyingine 11.9. Kumbe vijana walichomoa waya kwenye betri moja tu, kwa ajili ya redio na kuchaji simu. Betri hiyo ilinyonywa kila siku, mwenzake imeshiba. Altaneta haijui hilo. Inapitisha mkondo ule ule kwa zote mbili. Iliyoshiba inachemka na kukausha maji, yenye njaa haishibi kamwe. Ukinunua mpya mbili na kuacha waya ule pale, umenunua ugonjwa ule ule.

La pili lilikuwa athi. Injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, tuliweka mita kati ya nguzo hasi ya betri na mwili wa altaneta. Pale ukikuta zaidi ya nusu volti, kuna kizuizi. Utingo alipoutikisa waya wa athi, mita ikaruka zaidi ya volti mbili. Chini ya bolti kulikuwa na kutu na rangi. Ndiyo maana kwenye lami linachaji na kwenye mashimo linagoma! Tukasugua kwa msasa hadi chuma king'ae, bolti mpya, grisi juu. Redio ikafungiwa kibadilishi cha kushusha volti 24 kuwa 12. Gharama yote haikufika nusu ya betri moja.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Mkanda wa feni. Bonyeza katikati kwa dole gumba. Ukizama sana au uking'aa kama umepakwa mafuta, unateleza, hasa ukiloa.
2. Teminali na betri. Safisha, kaza, pima kila betri asubuhi. Iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Betri mbili zikitofautiana sana, tafuta sababu. Maji yakipungua ongeza maji ya betri, siyo asidi.
3. Chaji yenyewe. Injini ikizunguka vizuri, betri zote mbili kwa pamoja zisome kati ya 27.5 na 28.5.
4. Athi, kama nilivyoeleza.
5. Balbu ya taa ya chaji. Kwenye altaneta nyingi mkondo unaoiamsha hupitia balbu hiyo. Ikiungua, altaneta inaweza isiamke.
6. Hapo ndipo ufungue altaneta uangalie brashi na regulata.

Na jamani, acheni ule mtindo wa kuchomoa teminali injini ikiwaka ili "kuona kama inachaji". Wazee walifanya hivyo enzi za dainamo. Kwenye altaneta unaweza kuunguza diodi kwa sekunde moja.

Wapo watakaosema uzeni chuma chakavu, nunueni Fuso. Sawa, kama pesa ipo. Lakini Fuso nyingi nazo ni volti 24, na mwenye tabia ya kuiba umeme kwenye betri moja atahama na tabia yake.

Njia yetu hii, Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora, ilibebwa na mabega ya wapagazi Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Reli ikafika Tabora mwaka 1912. Leo mzigo uko kwenye malori yenu, na kati ya kijiji na kijiji hakuna fundi wa kumwita usiku.

Na sisi maafisa ugani tuna lawama. Tunawafundisha kilimo biashara, tunahesabu mifuko ya mbolea, gari hatuligusi, wakati ndilo linaloamua mbolea ifike lini. Ombi langu: kila kikundi chenye lori kinunue mita moja na kimteue mwanachama mmoja wa kuishika, kama mnavyomteua mhazini. Awe na daftari, aandike taa imewaka siku gani, barabara gani, mvua au jua. Tatizo linalokuja na kupotea hukamatwa na daftari kuliko kwa kubahatisha spea.

Pima kwanza, nunua baadaye. Msimu mwema.