Fumbo la Kiingereza Hufumbuliwa kwa Kiswahili

Imezuka itikadi miongoni mwetu, nayo imeota mizizi hata imekuwa kama sheria: kwamba mtoto anayetaka kukijua Kiingereza sharti kwanza akitupe Kiswahili. Ziko shule ambazo mwanafunzi akiteleza ulimi akasema "samahani" huadhibiwa. Wako wazazi wanaoilipia ada adhabu hiyo, kisha wakajisifu nayo barazani. Nami nasema, bila ya kumung'unya maneno, kuwa itikadi hii ni batili. Inawanyang'anya watoto wetu ufunguo uleule wanaouhitaji wanapokutana na neno geni.

Natutazame jinsi neno geni linavyosomeshwa. Mwalimu huandika ubaoni maneno ishirini, kila moja na maana yake moja, na watoto wakayaimba mpaka yakawakaa kichwani. Chukueni basi neno "sanction". Mahala pamoja maana yake ni kuidhinisha. Mahala pengine ni kuwekea vikwazo. Maana mbili hizi zimepeana mgongo, na aliyehifadhi moja tu atasoma habari ya nchi iliyoadhibiwa akadhani imepewa ruhusa. Au chukueni "put up with". Mtoto anayajua maneno yote matatu, moja moja. Yakikaa pamoja maana yake ni kuvumilia, ilhali hakuna hata moja kati yake lenye harufu ya uvumilivu. Orodha ya ubaoni itamfaa nini hapo?

Nani ajuaye zaidi kuliko sisi, tuliolelewa na ushairi, kwamba neno hupata maana kwa majirani zake? Kijana wa Unguja akizifungua tenzi za Lamu na Pate hukutana na "mato", "nti" na "mai". Hazitupi. Huutazama ubeti mzima, akapima kilichotangulia na kinachofuata, akatambua kuwa hayo ni macho, nchi na maji. Kijana huyo amekwisha kuijua kazi ya kufumbua. Ajabu ya mambo ni kuwa akiingia katika somo la Kiingereza huambiwa aiache kazi hiyo mlangoni pamoja na viatu vyake.

Tena kuna hazina iliyo kubwa zaidi, nayo ni sarufi yetu wenyewe. Mwingereza ana "fold" na "unfold", sisi tuna kunja na kunjua. Ana "tie" na "untie", sisi tuna funga na fungua. Husema "breakable", nasi tunasema kinachovunjika. Mtoto wa Kiswahili anayo maumbile hayo kinywani tangu hajaanza kwenda chuoni. Lau mwalimu angelisema tu, "ni kama kunja na kunjua", kwa sentensi hiyo fupi angelimfungulia mwanafunzi maneno chungu nzima. Naam, ufunguo huu haufungui kila mlango: "unhappy" ni kukanusha, si kutendua, na "uncle" haina kiambishi hata kidogo. Lakini tofauti hiyo nayo itaelezwa kwa lugha gani, kama si kwa lugha anayoielewa anayeelezwa?

Wataniambia: mzamishe mtoto katika Kiingereza, ataogelea mwenyewe. Hoja hii ina nguvu palipo na bahari. Mtoto aliyehamia London husikia Kiingereza dukani, njiani na uwanjani. Wetu hukisikia darasani, kengele ikilia kimekwisha. Hiyo ni beseni, nayo haikujaa. Anayezamishwa kichwa ndani ya beseni hajifunzi kuogelea.

Na khatari yenyewe si ndogo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto wa umri huo asiyefafanuliwa kuwa "photosynthesis" ni usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hukariri sauti tupu. Akishindwa mtihani huitwa mjinga, na aliyemfungia mlango wa kuelewa haulizwi neno.

Mwenye shaka na amtazame Mwalimu Nyerere. Alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare iliyotoka 1969 kwa jina la *Mabepari wa Venisi*, hakushindwa kujua kuwa "merchant" ni mfanyabiashara. Katika jina la Kiingereza yumo mfanyabiashara mmoja tu. Yeye akawafanya wengi, akawaita mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mtu anaweza kuupinga uteuzi huo, na wako waliouhoji. Lakini hakuna awezaye kusema kuwa aliyeuteua hakulielewa neno. Alilipima kwa mizani ya Kiswahili, na kwa kulipima ndipo akalimiliki.

Wahenga wamesema: mwacha asili ni mtumwa. Basi enyi walimu, lirejesheni neno la Kiswahili katika somo la Kiingereza, na mwanafunzi aulize "hii ni kama nini kwetu?" pasi na kuogopa bakora. Nanyi wazazi, mkenda shuleni msiulize tu iwapo mwana anasema Kiingereza. Mpeni ukurasa asome, kisha mwambieni akuelezeni kwa Kiswahili alichokisoma. Akiweza, ada yenu haikupotea. Asipoweza, mnalipia kasuku.