Majalada ya Mauaji ya Mondlane Yafunguliwe

Tarehe 3 Februari 1969, katika nyumba moja ya Oysterbay, Dk. Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, alifungua kifurushi kilichokuwa na kitabu. Ndani ya kitabu mlitegwa bomu, likamuua. Alikuwa mgeni wetu. Mwalimu Nyerere, aliyefundisha hapa Pugu hadi mwaka 1955, aliwapokea wapigania uhuru wa Msumbiji, na FRELIMO ikaundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Damu ya mgeni ikimwagika nyumbani, mwenyeji hana budi kuuliza nani kaimwaga.

Polisi wa Tanzania walichunguza mabaki ya bomu, na upelelezi ukaelekea Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo. Huko Lisbon, kumbukumbu za PIDE, polisi wa siri wa Ureno, zilifunguliwa kwa watafiti mwaka 1994. Baadaye ofisa wa zamani wa PIDE alimtaja mwenzake, Casimiro Monteiro, kuwa ndiye mtengenezaji wa bomu. Lakini nani aliyelipitisha hapa mjini? Hakuna mahakama iliyomtia mtu yeyote hatiani.

Pale ukweli ulipokosekana, tuhuma zilichukua nafasi yake. Vidole vilinyooshwa ndani ya FRELIMO yenyewe, hata kwa Mchungaji Uria Simango, makamu wa marehemu. Yeye alisimamishwa uongozi Novemba 1969, na baada ya uhuru wa 1975 akauawa bila kesi ya haki. Hatusemi kwamba tuhuma hiyo peke yake ndiyo iliyomuua. Tunasema kwamba mtu asiyehukumiwa kwa ushahidi wa wazi hana pa kujitetea, awe hai au amekufa.

Kwa hiyo tunaziomba serikali za Tanzania, Msumbiji na Ureno ziweke hadharani yote yaliyomo katika majalada yao kuhusu kifo hiki. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Nasi viongozi wa walei tuanze kwetu. Mtu akituhumiwa katika jumuiya, iwe kwa wizi, uchawi au ugomvi wa shamba, tusimhukumu kwa minong'ono. Tuwasikilize mashahidi, tuandike maneno yao kwa tarehe, na daftari tulitunze. Watoto wetu watakapouliza, wakute maandishi, wasikute uvumi.