Taa ya O/D OFF, mimi na baba mdogo

Najua nimepotea. UE zilinibana mpaka kooni, halafu nikakimbilia nyumbani Chumbi kupumzisha kichwa. Nimerudi kampasi jana, na leo sina stori ya bumu wala ya foleni ya chakula. Nataka tuongee kuhusu kitufe kimoja kidogo kwenye mkono wa gia, kile kilichoandikwa O/D. Msicheke. Kitufe hicho nusura kinifanye nisiandike tena humu.

Kwa wasioijua Chumbi: unatoka Dar kwa barabara ya Kilwa, unapita Kibiti na Ikwiriri, unavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, ndiyo unatufikia. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003 watu walikuwa wanavuka kwa pantoni. Hata baada ya daraja, kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilomita 60, kilichelewa sana kupata lami. Masika magari yalikuwa yanalala kwenye tope. Enzi hizo nani angefikiria ovadraivu? Ukipata gia ya pili unamshukuru Mungu. Siku hizi lami ipo, na balaa letu limehama kutoka kwenye tope kwenda kwenye mwendo.

Sasa baba mdogo ana Mark II GX100. Pesa ya ufuta ile. Gari la miaka ya tisini, injini ya silinda sita, linanguruma taratibu kama mzee aliyeshiba. Vijana wa pale kijijini wanaliita gari la mashindano. Yeye miaka yote anaendesha taa ya O/D OFF ikiwaka kwenye dashibodi. Nikamuuliza, "Baba, mbona hii taa haizimwi?" Akanijibu, "Mwanangu, hiyo ndiyo ya kubana mafuta. Si unaona imeandikwa OFF?"

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Taa ikiwaka maana yake kuna kitu kimezimwa. Gari kama lile lina gia nne, na ya nne ndiyo ovadraivu. Ukiwa gia ya tatu, injini ikizunguka mara 1,000, shafti inayokwenda nyuma nayo inazunguka 1,000. Ukiwa ya nne, injini ikizunguka 1,000, shafti inazunguka kama 1,400. Kwa hiyo mwendo ni uleule lakini injini inafanya kazi kidogo. Ukizima O/D umejinyima gia ya nne, basi. Baba mdogo alikuwa anatoka Dar mpaka Chumbi na gia tatu huku anadhani anaokoa mafuta.

Nikambembeleza. Tulipokuwa tambarare ya bonde, spidi 90, mshale wa mzunguko ulikuwa umepita elfu tatu. Nikabonyeza kitufe, taa ikazimika, mshale ukashuka mpaka elfu mbili na mia mbili hivi. Kelele ikapungua. Mzee akanitazama kwa jicho la "kumbe chuo kina faida". Nikavimba kichwa, nakiri.

Kesho yake akanipa usukani twende Somanga. Mimi nikaacha O/D iko kazini mwanzo mwisho, maana si ndiyo sahihi? Basi bwana, tukakuta lori limebeba mzigo linapanda kilima linatambaa. Nikatoka kulipita. Nakanyaga mafuta, gari limelala. Gia ya nne mlimani haina nguvu. Nikakanyaga mpaka chini, kweli gari likashuka gia lenyewe, lakini lilishuka wakati tayari niko upande wa wenzangu na basi linakuja na taa kamili. Nikarudi nyuma ya lori jasho linanitoka. Baba mdogo hakupiga kelele. Alisema tu, "Haraka ya nini mwanangu? Tunakokwenda hakuhami."

Kimya cha pale ndani ya gari ndicho kilichonifundisha kuliko muhula mzima. Yeye alikosea kuizima siku zote, mimi nilikosea kuiacha siku zote. Wote wawili tulikifanya kitufe kama swichi ya taa ya sebuleni, unaweka unasahau.

Ukisoma habari za magari ya michezo ya zamani ya Uingereza, kama MGB na Triumph, utakuta ovadraivu yao ilikuwa kifaa cha pembeni kinachoungwa kwenye gia za juu. Dereva anagusa swichi, hakanyagi hata klachi. Anaingiza kwenye tambarare, anatoa kabla ya kona au kilima, anaingiza tena. Ile ilikuwa kazi ya mkono, na akili iko barabarani. Sisi tumepata kitufe kilekile kwenye magari ya Japani tukakiachia uvivu.

Msimamo wangu ni huu. Tambarare, acha gia ya nne ifanye kazi. Unataka kulipita gari, zima O/D KABLA hujatoka kwenye mstari wako, gari liwe tayari kwenye ya tatu, na kama huoni mbele usitoke kabisa. Unashuka mteremko au unakaribia kijiji, izime, injini ikusaidie kushika gari. Na wale wa kuweka nyutro mteremkoni kwa kubana mafuta, acheni. Gari la sindano likiwa kwenye gia na mguu umeutoa, kompyuta yenyewe inakata mafuta. Kwenye nyutro injini inaendelea kunywa, na huna cha kukushikilia ila breki. Mbele yako wamesimama watoto wa Chumbi wanataka kuvuka kwenda shule. Hao ni wadogo zangu, jamani.

Nyongeza: hiyo taa ikianza kukonyeza yenyewe bila kuguswa, usiibishie, gia ina hitilafu, nenda kwa fundi.

Baba mdogo sasa anakitumia kitufe. Alinipigia simu kuniambia amelipita lori "kwa heshima". Nilicheka peke yangu hosteli mpaka rumumeti akauliza kulikoni.

Haya, wenye leseni humu, semeni ukweli: ya kwenu huwa inawaka au imezimika, na mnajua kwa nini? Nawasilisha.