Shujaa Aliyenyang'anywa Anguko Lake

Wapo wapenzi wa sinema wanaodai kwamba filamu ya The Natural, iliyoongozwa na Barry Levinson mwaka 1984, iliitendea hisani riwaya ya Bernard Malamud iliyochapishwa kwa jina hilo hilo mwaka 1952. Riwaya, wasema, ni chungu mno. Filamu imeitia asali. Dai hili limerudiwa hata likawa kama kanuni, na yafaa lipingwe. Filamu haikuitia riwaya asali. Iliimwaga, ikaijaza chupa kinywaji kingine, na nembo ikaachwa ile ile.

Kisa chenyewe ni hiki. Roy Hobbs ni kijana wa shamba mwenye kipawa cha ajabu katika besiboli, mchezo ambao Wamarekani wameufanya nusu ya dini yao. Amejichongea gongo kutokana na mti uliopigwa na radi, akaliita Wonderboy. Akiwa safarini kwenda Chicago kujaribiwa, mwanamke aliyekutana naye garimoshini anampiga risasi katika chumba cha hoteli. Miaka 15 inapotea. Anaporejea ana umri wa miaka 34, umri ambao wenzake huanza kuaga, naye anajiunga na New York Knights, timu iliyo mkiani. Uwanja wao umekauka, na mikono ya kocha wao, Pop Fisher, ina vidonda visivyopona. Roy anaupiga mpira kwa gongo lake hata ngozi ya mpira inachanika, na mvua inanyesha. Ajuaye ngano za Wazungu za zama za kati atamtambua hapo mfalme mgonjwa ambaye nchi yake imekauka, akimngoja shujaa wa kumponya.

Malamud hakuyatoa haya yote hewani. Mwaka 1949 mchezaji Eddie Waitkus alipigwa risasi na msichana katika hoteli ya Chicago. Na kabla ya hapo, mwaka 1919, wachezaji wanane wa Chicago White Sox walishutumiwa kwa kuuza fainali za taifa. Mahakama iliwaachia mwaka 1921, lakini mkuu wa mchezo aliwafungia maisha. Masimulizi ya Wamarekani yanamtaja mtoto aliyemsihi mmoja wao akane. Mtoto huyo Malamud alimweka katika ukurasa wake wa mwisho, na hapo ndipo penye ugomvi.

Kitabuni, Roy anakubali hongo ya Jaji, mmoja wa wamiliki wa timu, ili mechi ya mwisho ipotezwe. Katikati ya mchezo dhamiri inamrudia na anataka kushinda, lakini kumekucha. Wonderboy limekwisha pasuka, na mrushaji kijana, mfano wa Roy mwenyewe alivyokuwa zamani, anamtoa uwanjani. Anamrudishia Jaji fedha zake kwa kumtupia, ila habari zimekwisha fika magazetini. Barabarani mtoto anamsihi aseme si kweli. Hawezi kusema. Analia.

Katika filamu, Roy wa Robert Redford anaikataa hongo. Gongo linavunjika vile vile, lakini analetewa jingine alilomsaidia kulichonga mtoto anayewashikia wachezaji magongo. Anaupiga mpira ukazivunja taa za uwanja, cheche zinamwagika kama fataki za sikukuu, na muziki wa Randy Newman unapaa. Mwishowe tunamwona shambani akirushiana mpira na mwanawe.

Mabadiliko hayo hayakuishia kwenye pigo la mwisho. Yamepenya mwili mzima wa kisa. Iris, mwanamke mwema wa kitabuni, ana miaka 33 na tayari ni bibi wa mjukuu. Kwa sababu hiyo Roy anamkimbia, akamfuata Memo mwenye sura nzuri na moyo mkavu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu; hapa msemo huo umevaa nyama na damu. Filamu ilimfuta mjukuu, ikamgeuza Iris mchumba wa ujanani aliyemtunzia shujaa mtoto wa kiume. Kitabuni Roy anaanguka kwa ulafi wake mwenyewe, akila karamuni kama asiyejua kushiba. Katika filamu ugonjwa ule unaachwa uonekane kama hila ya mwanamke. Kila doa lililokuwa la Roy limepanguswa, na mengine yakapakwa wenzake.

Watetezi wa filamu husema sinema ni sanaa nyingine na ina uhuru wake. Ni kweli; yaweza kupunguza, kuunganisha na kuhamisha. Lakini uhuru wa kufupisha si uhuru wa kupindua. Husema pia kwamba filamu inapendeza macho. Hilo nalo ni kweli, na mwanga wake ni wa kusifiwa. Ila uzuri wa jahazi haumpi nahodha haki ya kuwashusha abiria bandari wasiyoikusudia.

Kosa kubwa zaidi limetendwa kwa miujiza yenyewe. Katika ngano zote zenye uzito, muujiza huja na mwiko. Kipawa ni amana: aliyepewa huulizwa alikifanyia nini. Gongo la radi katika riwaya linapasuka kwa kuwa mwenyewe amepasuka kwanza. Filamu imeuondoa mwiko ikaubakisha muujiza, na muujiza usiodai kitu ni mapambo tu. Malamud aliuliza kama mtu huyu alistahili alichopewa; filamu inajibu kwamba alishinda. Hilo ni jibu la swali jingine.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kufunzwa jambo hili na Marekani. Muhamadi Kijumwa alipoutunga utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, hakuigeuza sindano ya shaba ipinde, wala hakumfanya mwana amrukie baba kwa mahaba na kuitupa silaha. Liyongo anakufa kwa mkono wa mwanawe, na watu wamemlilia karne kwa karne kwa sababu anakufa. Angetokea mtu kumwokoa, asingeongeza uhai wa Liyongo bali angeuondoa.

Na mpenzi wa ushairi anajua hesabu nyingine iliyo ya karibu zaidi. Shairi huweza kuimbwa kwa mahadhi mapya, na ubeti mmoja ukaachwa kwa kukosa muda, bado likabaki la mtungaji wake. Lakini kituo ndicho kinachofunga yote yaliyotangulia. Akibadilishaye hawezi kudai amelihifadhi shairi, hata angeyaacha maneno mengine yote mahali pake. Kituo cha Malamud ni mtoto anayeuliza na mtu mzima asiye na jawabu. Levinson alimwondoa mtoto huyo barabarani, akamleta mwingine shambani asiye na swali lolote la kumuuliza baba yake.