Riba ya asilimia 14 bado ni riba



Ndugu zangu, baada ya darsa la Alasiri kijana mmoja alinisogelea: "Sheikh, Uturuki walishusha riba kwa ajili ya dini, pesa yao ikaanguka. Wakapandisha hadi 50 kuiokoa. Basi si riba ni dharura? Nami si naweza kukopa benki ninunue bajaji?"

Swali zito, na sina haki ya kumkemea. Mwaka 2021 Rais Erdoğan aliposema kwamba yeye kama Muislamu atafuata nassi katika jambo la riba, nami nilisambaza ile video kwa furaha.

Tutazame kilichotokea. Kati ya Septemba na Desemba 2021 Benki Kuu ya Uturuki ilishusha riba yake kutoka asilimia 19 hadi 14. Hiyo ndiyo bei ambayo mabenki huipata fedha, ikishuka mikopo huwa rahisi. Lakini bei za vitu zilikuwa zikipanda haraka kuliko hiyo 14. Mwenye lira benki akaona mali yake inayeyuka, akakimbilia dola na dhahabu. Dola moja iliyokuwa kama lira 8 mwezi Septemba ikagusa 18 mwezi Desemba. Na mafuta na gesi hununuliwa nje kwa dola, kwa hiyo bei zikapanda tena. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulipita asilimia 85. Baada ya uchaguzi wa 2023 wakageuka, na Machi 2024 riba ikafika 50, ili watu warudi kushika lira.

Sasa nauliza: riba iliachwa lini hapo? Suratul Baqara aya ya 278 inaamrisha kuacha kilichobaki cha riba. Haikuamrisha kukipunguza kutoka 19 kwenda 14! Mabenki yaliendelea kukopesha kwa nyongeza, ila nyongeza ikawa ndogo kuliko hasara ya pesa yenyewe. Akafaidika tajiri mwenye dhamana: alikopa lira, akanunua majumba, akalipa kwa lira zilizochakaa. Akaumia mtu wa mshahara. Aya ya 279 inakataza kudhulumu na kudhulumiwa. Al-Maqrizi, karne ya 15, aliwalaumu watawala wa Misri kwa kuijaza nchi sarafu za shaba mpaka maskini wakashindwa na bei ya chakula. Kuharibu pesa ya watu ni dhulma pia.

Kwetu Tanzania, tangu Januari 2024 Benki Kuu nayo huendesha sera ya fedha kwa kutangaza riba yake, ilianza na asilimia 5.5. (Kiswahili chetu angalau hakifichi jina.)

Kijana nilimwambia: Uturuki haikujaribu uchumi usio na riba, kwa hiyo kuanguka kwa lira hakukuhalalishii mkopo. Tafuta mwenye mtaji mgawane faida na hasara, au muuzaji akuuzie kwa awamu, bei ikubaliwe siku ya kwanza na isiongezwe ukichelewa. Ijumaa atakuja na mjomba wake tuandike mkataba.