Majivu si siri ya mtu na Mungu wake

Majivu wanayopakwa waumini kwenye paji la uso Jumatano ya Majivu yametoka kwenye matawi ya mwaka uliopita. Jumapili ya Matawi familia huondoka nayo kanisani, huyachomeka juu ya mlango au nyuma ya msalaba wa ukutani, nayo hukaukia hapo. Kwaresima ikikaribia, paroko hutangaza yarudishwe, yachomwe. Shangwe za umati uliotandika nguo njiani Yesu akiingia Yerusalemu huishia kuwa unga mweusi katika kisahani cha padri.

Ni ishara kali, tena ya hadhara. Aliyepakwa hutoka kanisani akapanda daladala, akaingia ofisini au sokoni, na kila mtu anamwona. Inasikitisha basi kwamba kwa waumini wengi toba imepungua hadi kuwa orodha ya vitu vya kuachwa: huyu soda, yule bia, mwingine mitandao ya kijamii, na Pasaka ikifika kila kitu kinarudi palepale. Kujinyima si kosa. Kanisa Katoliki lenyewe linaagiza watu wa miaka 18 hadi 59 wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Lakini mfungo unaoishia tumboni mwa anayefunga haujayafikia maneno yanayosomwa siku hiyohiyo ya majivu.

Somo la kwanza ni la Nabii Yoeli. Baragumu inapigwa Sayuni, wanaitwa wazee na watoto wanyonyao, hata maharusi wanatolewa chumbani. Watu wote wanatubu pamoja. Kisha inakuja Injili ya Mathayo, sura ya 6, yenye onyo kwa wanaofunga ili watazamwe, na wapo wanaoishika kuthibitisha kwamba Kwaresima ni jambo la moyoni tu. Yesu anakataza kujionyesha. Hakatazi kumtetea aliyedhulumiwa. Na Ijumaa inayofuata, siku mbili tu baada ya majivu, Wakatoliki husoma Isaya 58, ambapo Mungu anaukataa mfungo wa watu wanaowakandamiza vibarua wao, anadai vifungo vya uonevu vilegezwe na mwenye njaa agawiwe chakula.

Maaskofu Katoliki wa Malawi waliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Mwaka 1992 nchi ilikuwa chini ya Hastings Kamuzu Banda, aliyekuwa Rais wa Maisha tangu 1971, na chama kilikuwa kimoja. Kumkosoa hadharani kulimpeleka mtu gerezani. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 8 Machi, barua ya maaskofu saba ilisomwa katika parokia nchi nzima. Ilianza na mwanadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, kisha ikashuka hadi kwenye mishahara midogo, shule na hospitali zilizoelemewa, na watu walioogopa kusema wanachofikiri. Serikali iliita barua hiyo uchochezi. Maaskofu walihojiwa na polisi, na Monsinyori John Roche, mmisionari kutoka Ireland, akafukuzwa nchini. Wanafunzi wa vyuo waliandamana, wafadhili wakasitisha misaada, na mnamo Juni 1993 Wamalawi wakapiga kura ya maoni kuchagua mfumo wa vyama vingi. Mwaka uliofuata Banda alishindwa katika uchaguzi. Barua haikufanya yote hayo peke yake, lakini ndiyo iliyovunja ukimya, na ukimya huo ulivunjwa katika msimu ambao kila msikilizaji alikuwa ametoka kupakwa majivu.

Msimu wenyewe unalidai hilo. Rangi ya zambarau, misalaba inayofunikwa, Aleluya inayonyamaza hadi mkesha wa Pasaka: vyote vinasema kuna jambo halijakaa sawa, na halifai kuimbiwa bado.

Tanzania nayo ina mfano wake wa kuvunja ukimya. Februari 2018, katika Ujumbe wa Kwaresima, Baraza la Maaskofu Katoliki lilisema wazi kwamba uhuru wa vyama vya siasa na wa vyombo vya habari unabanwa. Wiki chache baadaye maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wakatoa waraka wao wa Pasaka, Taifa Letu, Amani Yetu. Waliambiwa wanachanganya dini na siasa. Lakini askofu anayewataka wakulima na wauza mitumba watubu, kisha akawanyamazia wenye madaraka, anakuwa ameigawa toba kwa vyeo.

Si lazima toba ya namna hii isubiri maaskofu. Nchini Kenya, Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki huandaa kila mwaka Kampeni ya Kwaresima, yenye kijitabu cha mada za kila wiki, na jumuiya ndogondogo hukaa kukijadili. Jumuiya yoyote inayosali Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa inaweza kubaki nusu saa zaidi na kuuliza ni kibarua gani mtaani hajalipwa, ni mjane gani ananyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu, na nani atafuatana naye hadi baraza la kata. Mara nyingi wanaomnyang'anya nao wamepakwa majivu, pengine katika kanisa hilohilo, na wanafahamika kwa majina. Hao waendewe kabla ya Ijumaa Kuu, shamba lingali halijauzwa.